Mawe Meupe ya Upande wa Kaskazini

Mwezi uliopita Madam alinialika kwenye uzinduzi wa kitabu chake. Nasema Madam kwa mazoea tu. Sijamfanyia kazi kwa miaka kumi na minane, na ujumbe alionitumia kwenye simu ulisema sasa nimwite Deirdre, kwani sisi ni marafiki. Uzinduzi ulikuwa saa kumi alasiri, katika ukumbi wa hoteli moja ya Jumeirah, na kitabu chenyewe ni cha visa vya kale vya kijiji alikozaliwa mama yake huko Ireland: kanisa bovu lisilo na paa, kaburi la mawe lililo juu ya kilima, na mambo ambayo watu wa huko husema juu ya hayo mawili. Kwenye jalada imeandikwa kwamba visa hivyo amevikusanya yeye. Nilivisikia mimi, nikaviandika mimi, kwa kalamu ya wino wa buluu, kati ya saa ya dawa na saa ya supu. Lakini hilo silo linalonikereketa. Linalonikereketa ni kisa kimoja kilichomo mwishoni mwa kitabu, na ili nikieleze sina budi kurudi kwenye mwaka ule niliokaa na Mama Nora, na kwenye swali moja nililoulizwa jikoni nikajibu “Hapana”.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Chumba cha Mama Nora kilikuwa cha chini, nyuma ya nyumba, chumba cha wageni kilichogeuzwa kuwa cha mgonjwa. Kulikuwa na kitanda chenye vyuma pembeni, kiti cha choo kilichofunikwa kitambaa cha maua ili kisionekane ni kiti cha choo, msalaba wa nyasi zilizosukwa juu ya mlango, na dirisha moja lililotazama ukuta mweupe wa jirani. Alikuwa ameletwa Dubai miezi miwili kabla yangu, baada ya kuanguka nyumbani kwake na kulala sakafuni kutwa nzima bila mtu kujua. Nyumba ikafungwa, mbwa akapewa jirani, naye akapandishwa ndege akiwa na miaka themanini na tatu. Madam alikuwa mwanawe wa pekee. Kila mtu alisema hivyo, na Madam mwenyewe alilisema kama mtu aliyebebeshwa mzigo: “Sina ndugu wa kunisaidia, Mona. Ni mimi tu.” Mona ni mimi. Jina langu ni Mwanaidi, lakini siku ya kwanza Madam alilijaribu mara mbili, akacheka, akasema khalas, basi yaishe, tutakuita Mona. Mama Nora, ambaye wakati huo meno yake yalikuwa kwenye glasi, alilijaribu wiki nzima mpaka akaliweza.

Madam alikuwa mtu wa utaratibu, na kwa hilo tulielewana. Alinipa daftari akaniambia niandike saa, dawa, alichokula Mama, alichoacha, kama amekwenda haja au hakwenda, na alichosema. “Kila kitu, Mona. Daktari atataka kujua kama akili inapotea.” Basi niliandika kila kitu. Tangu shuleni sijui kuandika nusu. Nikisikia watu wawili wakizungumza kituoni, mkono unatafuta kalamu. Saa tatu na nusu: uji wa shayiri, nusu bakuli. Saa nne: Mama anasema kanisa la kwao lilianza kujengwa ng’ambo ya mto, lakini kila kulipokucha mafundi walikuta mawe yamehamia upande wa pili, mpaka wakakubali kulijenga yalikohamia. Saa nne na robo: dawa ya presha. Saa nne na nusu: Mama anasema ndani ya kanisa hilo kuna jiwe lenye shimo, na maji yaliyomo hayakauki hata kiangazi, na mwenye sugu akichovya kidole sugu huanguka, ila asishukuru kwa sauti. Nilijaza daftari la kwanza kwa miezi mitatu.

Wiki yangu ya kwanza, nilipokuwa nafua sweta zake, nilikuta vipande vya mkate mkavu katika kila mfuko. Nikadhani ni uzee tu, nikavitupa. Alipotia mkono mfukoni akakuta hakuna kitu, alinitazama kama mwizi.

“Umenichukulia mkate wangu.”

“Umekauka, Mama. Nitakuletea mwingine mezani.”

“Wa mezani ni wa mezani. Huu ni wa njiani.”

Akanieleza. Kwao kuna mahali ambapo nyasi zimeota juu ya watu waliozikwa vibaya, wengine wakati wa njaa kuu ya zamani, wengine bila sala, bila jina na bila alama. Mtu hupita hapo hajui. Akikanyaga tu, njaa inamkamata papo hapo, magoti yanalegea, na asipokuwa na japo tonge moja mfukoni hafiki nyumbani. Nikamwambia, hapa ni Jumeirah, Mama, hata nyasi zenyewe hakuna. Akasema, “Wewe unajuaje kilichoko chini ya vigae?” Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikishamvisha, nilimtilia kipande cha khubz, mkate wa Kiarabu, mfukoni kabla hata ya kumchana nywele.

Mimi si mgeni wa mambo hayo. Kwetu, kaskazini ya Malindi, kuna kaburi la nguzo ambalo hakuna ajuaye ni la nani, lenye vishimo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure. Watu walifukiza ubani pale na kufunga vitambaa, na mtoto aliyeokota kigae alirudishwa kwa sikio akakirudishe huku analia. Nilipomsimulia Mama Nora, alijiinua kwenye mto.

“Na akienda nacho nyumbani?”

“Homa, Mama. Nyumba nzima.”

“Kwetu hufa ng’ombe,” alisema. Akanipa kisa cha mkulima mmoja wa kwao aliyechukua jiwe kubwa la kaburi la kilimani akalifanya kizingiti cha zizi. Ng’ombe wake saba walitupa mimba mwaka mmoja, na alilirudisha lile jiwe mchana kweupe, analia, watu wote wakimtazama, bila mtu wa kumsaidia kulisukuma. “Hakuna aliyemwambia alirudishe. Alijua mwenyewe. Watu wa kwetu hawasemi jambo waziwazi, Mwanaidi. Wanasimulia la mtu mwingine, halafu wanakuangalia.”

Sentensi hiyo niliiandika. Ipo kwenye daftari la kwanza, na sasa ipo kwenye utangulizi wa kitabu cha Madam, ameisifu sana. Niliiandika bila kuielewa, naye ameichapisha bila kuielewa. Kwa hilo tuko sawa.

Desemba walitupeleka Hatta, kwenye shamba la rafiki wa Sir, mume wa Madam. Milima ya kule ni mikavu na ya kahawia, na baridi yake ya asubuhi ilimfurahisha Mama Nora kuliko chakula. Nyuma ya shamba palikuwa na marundo ya mawe ambayo mwenyeji alituambia ni makaburi ya watu wa kale kabisa, waliokufa kabla ya mtu kuwa na dini ya kuulizwa. Mama Nora alikataa kushuka garini mpaka nimwonyeshe kuwa mkate upo mfukoni. Kisha nikamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi karibu, akakaa, mikono mapajani, kama mtu aliyefika matangani. Madam akainama akaokota jiwe dogo linalometa.

“Rudisha, Deirdre.”

“Mama, ni jiwe tu.”

“Rudisha. Si lako. Mwanaidi, mwambie huyu.”

Nilikuwa nimeshika mwavuli. Nikasema, “Madam, kwetu pia hairuhusiwi.”

Madam akacheka mpaka akamshika mumewe mkono. “Yallah! Sasa wako wawili!” Jiwe likatiwa garini. Lilikwenda kukaa kwenye choo cha wageni, kando ya sabuni, na kila Jumatatu nililifuta vumbi. Sisemi kilichotokea baadaye kilitokana na jiwe. Nasema tu kwamba mama mtu aliomba kitu kidogo mbele ya watu, akachekwa.

Kitu kikubwa aliomba mezani. Nilikuwa namlisha, kwa hiyo nilisikia yote; anayelisha mgonjwa husahaulika kama kijiko. Alisema akifa azikwe kwenye kanisa la kale, upande wa kaskazini, nje ya ukuta.

“Mama, huko hajazikwa mtu tangu enzi za babu zako,” Madam alisema. “Na wewe mwenyewe uliniambia kaskazini walikuwa wakizikwa wageni na waliojinyonga.”

“Na wengine.”

“Wengine nani?”

“Kunywa supu yako, inapoa.”

“Baba yuko makaburi mapya, na jina lako limeshachongwa pale kwenye marumaru. Imebaki tarehe tu.”

“Mama anataka awe hadithi,” Sir alisema, na wote wawili wakacheka tena, si kwa ubaya. Ndivyo walivyokuwa. Hawakumpigia kelele hata siku moja. Walimcheka kwa upole, kila siku, mpaka akanyamaza. Alirudia ombi lile mara nne mwaka ule, nami niliandika mara zote nne, na saa zake.

Kisa chenyewe alinisimulia mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Januari, baada ya kuoga, nikimpaka mafuta miguuni. Alisema kwamba zamani, na si zamani sana, mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa hakukubaliwa kuzikwa pamoja na watu. Baba alimtia kwenye kisanduku, akaondoka naye kabla hakujapambazuka, akamfukia nje ya ukuta wa kaskazini wa kanisa bovu, bila padri na bila neno. Mama mtu hakwenda. Aliachwa kitandani akaambiwa asahau, Mungu atampa mwingine. Alama haikuwekwa ila mawe meupe ya mtoni, kwa anayejali. Palikuwa na mwanamke mmoja wa kijiji kile aliyefiwa namna hiyo, na siku moja mumewe alipokwenda mnadani, alikwenda peke yake, akakuta penye udongo mpya, akaweka mawe matatu. Nikaandika: saa nne na dakika kumi, kisa cha mawe meupe.

Mara ya pili, Februari, aliongeza mambo. Kile kisanduku kilikuwa cha siagi, cha mbao, na harufu ya siagi haikutoka. Mtoto hakuzaliwa mfu, alilia mara moja. Mumewe hakulitaja jambo lile mpaka alipokufa, na walikaa pamoja miaka arobaini, wakapata mtoto mwingine, wa kike, na huyo hakuambiwa kitu.

Mara ya tatu ilikuwa katikati ya Machi. Nakumbuka nilikuwa namkata kucha, kucha za mkono wa kushoto, na kwa jirani walikuwa wakiosha kibaraza kwa mpira. Alisimulia yote tokea mwanzo, polepole, akiangalia kama naandika, nami nikaweka kikatio chini nikaandika. Alipofika kwenye mawe matatu alisema, “Akampa jina. Donal. Hakumwambia mtu jina hilo, si mume, si padri, si binti.”

Nikauliza kama ambavyo ningemuuliza yeyote. “Mama, kama hakumwambia mtu, ninyi mmelijuaje?”

Mpira wa jirani ulizimwa. Akaniangalia, akasema, “Hilo ni swali zuri. Ungefaa kuwa mwandishi wa habari.” Halafu akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha khubz, akakila chote, polepole, akiwa amekaa kitandani katika chumba chenye vigae vilivyong’aa, akitafuna kama mtu aliyeshikwa na njaa njiani.

Jina niliandika. Swali langu na jibu lake sikuandika. Katika mwaka mzima, hiyo ndiyo mistari pekee niliyoiacha, mimi nisiyejua kuandika nusu.

Ijumaa ile nilikwenda Satwa kwa Bi Zuleikha. Ni fundi cherehani, Mzanzibari aliyekuja Dubai akiwa msichana, na sisi wa pwani tuliofanya kazi za majumbani tulikuwa tukipumzika dukani kwake, juu ya marobota ya vitambaa, tukila mkate wa kumimina na kumsikiliza akiwasema wateja wake. Yeye pia alikuwa akiosha maiti wa kike wa jamaa zetu wanaofia huku. Nilimweleza bila kutaja jina la mtu. Nikasema kuna mgonjwa ameniambia jambo lake la zamani, zito, ambalo mwanawe halijui.

“Kuna uchafu ndani yake?” aliuliza, pini mdomoni.

“Hakuna. Kuna huzuni.”

“Hata huzuni hustiriwa, mwanangu. Mwosha huoshwa. Mtu alokuvulia nguo kwa kuwa hawezi kujiosha, hutoki nje ukenda kusimulia ulichokiona mwilini mwake. Ulichokiona kinakufa na maji.”

“Hata kama mwanawe anauliza?”

“Hasa mwanawe.”

Hayo kwetu hayana ubishi. Mwosha maiti haulizwi, na akiulizwa husema alikuwa na nuru. Nimelelewa hivyo, na nilitoka pale nimetulia, kama mtu aliyepewa jibu la mtihani. Sikukumbuka ile sentensi ya daftari la kwanza. Watu wa kwetu husitiri kwa kunyamaza. Watu wa Mama Nora husema kwa kusimulia la mtu mwingine, halafu wanakuangalia. Aliniangalia mara tatu, kwa miezi mitatu, na kila mara akaniuliza, “Umeandika?” Alijua daftari linasomwa na nani.

Alifariki Aprili, asubuhi, hospitalini, kwa ugonjwa wa mapafu. Sikuwapo, nilikuwa nyumbani natandika kitanda chake ili arudi. Kesho yake, saa mbili na nusu, Madam aliingia jikoni akiwa na miwani ya jua machoni ndani ya nyumba. Nilikuwa nasafisha mtungi wake wa maji. Akavuta kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya jikoni, akakaa.

“Mona. Ulikuwa naye kila siku. Lile jambo la kaskazini. Aliwahi kukwambia kwa nini?”

Nimeirudia sana dakika hiyo. Kwa miaka nimejitetea kwa maneno ya Bi Zuleikha, na ni kweli yalikuwepo kichwani. Lakini mimi ni mtu wa kuandika kila kitu, basi niandike na hili. Kwenye droo iliyokuwa karibu na kiwiko cha Madam zilikuwamo karatasi zangu za viza, zilizotakiwa kufanywa upya mwezi uliofuata, na mgonjwa wangu alikuwa amekufa. Nikawaza, nikimwambia mwanamke huyu leo kwamba baba yake alimfukia mwanawe kama paka, na mama yake alimficha jambo hilo maisha yote akaja kumwambia mtumishi, karatasi za droo hiyo atazifanya nini? Kusitiri ni jambo jema. Siku ile lilikuwa pia jambo rahisi.

“Hapana, Madam,” nikasema.

“Hakuna kitu?”

“Alikuwa akisimulia visa tu. Viko daftarini.”

Akashusha pumzi, nami niliona amefarijika. Akasema, “Nilijua. Ni akili tu ilikuwa inachoka.” Waliuchoma mwili, jambo ambalo sikuweza kulitazama hata kwa kulifikiria, na majivu yakasafirishwa kwenye chombo kizuri cha shaba, yakaingizwa chini ya ile marumaru nyeusi karibu na barabara kuu, tarehe ikaongezwa. Ndipo nilipojua ubaya wangu ulivyo mdogo na ulivyo mkubwa. Majivu hugawika. Konzi moja ingetosha. Madam angeweza kusimama nje ya ukuta ule dakika tano, akafungua kiganja, na asingehitaji kumwambia mtu. Hata nguo zake za mwisho sikuziona. Nani angemtilia mkate mfukoni?

Nilirudi kwa Bi Zuleikha nikamweleza yote, safari hii kwa majina. Alisimamisha cherehani.

“Mwenyewe alikwambia ufiche?”

“Hapana.”

“Sasa nani kakwambia ufiche?”

“Wewe, Bi Zuleikha.”

Akaukata uzi kwa meno. “Mie nilikuwa nasema habari za maiti wa kwetu. We hukunambia kuwa bibi kataka. Alokuwa ana haja huwa hastiriwi, hupelekewa haja yake.” Kisha, alipoona nalia, “Haya, yallah, nyamaza. Na mie nilijibu kabla sijauliza. Tumekosa wawili.” Aliyekosa wa tatu, kwa hesabu yake, alikuwa Mama Nora mwenyewe, kwa kumwachia ujumbe mtu anayetetemeka.

Viza yangu haikufanywa upya. Madam alinikumbatia mlangoni, akanipa mkoba wa ngozi aliouchoka, akabaki na madaftari yote matatu. Nilipata kazi ya mapokezi katika kliniki moja, na leo ninakaa Discovery Gardens na wanawake watatu, kila mmoja na pazia lake. Mkoba bado ninao. Ngozi nzuri haichakai upesi.

Basi nikaenda kwenye uzinduzi. Nilivaa abaya niliyoivalia harusi ya mpwa wangu. Kulikuwa na viti themanini hivi na vitafunio vya jibini, na Madam, nywele zake sasa ni nyeupe kama za mama yake, alisoma kurasa kwa sauti nzuri. Alisoma habari ya kanisa lililohama. Alisoma habari ya nyasi za njaa, watu wakacheka palepale nilipocheka mimi zamani. Nilikifungua kitabu mwisho. Kisa cha mawe meupe kipo, kisanduku cha siagi kipo, kilio kimoja kipo. Chini yake ameandika kwamba hakuna ushahidi kuwa mwanamke huyo aliwahi kuishi, na kwamba katika toleo moja mtoto amepewa jina, ila yeye ameliacha jina hilo, kwa kuwa visa vya aina hii havina majina. Bila shaka, anasema, liliongezwa na msimulizi ili kupamba.

Kisha akaonyesha picha ukutani. Wanakijiji, alisema, wameunda kamati kwa ajili ya kitabu hiki. Mimea yote iliyotambaa kwenye kuta za kanisa imeng’olewa. Nyasi za upande wa kaskazini zimekatwa na kusawazishwa ili wageni wapate mahali pa kusimama. Na mawe meupe yaliyokuwa yametapakaa ovyo pale nje, yote, wameyaokota wakayapanga duara zuri langoni kuzunguka maua. Watu wakapiga makofi. Niliyahesabu yale mawe pichani mpaka picha ikabadilishwa. Yalikuwa mengi sana. Matatu katika hayo yalibebwa na mwanamke mmoja kutoka mtoni, siku ambayo mumewe alikwenda mnadani, na sasa hata yeye angekuja asingejua ainame wapi.

Nilipanga foleni na wenzangu ili anitilie sahihi. Zamu yangu ilipofika alisimama nusu, akanikumbatia juu ya meza, akawaambia waliokuwa karibu, “Huyu ndiye Mona, alimtunza mama yangu.” Wakanitabasamia. Akakaa, akafungua ukurasa wa mwanzo, akachukua kalamu. “Aibu yangu,” alisema. “Jina lako kamili sikuwahi kuliandika. Niambie, niandike vizuri. Kwa…”

“Kwa Donal,” nikasema.

Alianza kuandika. Ni mtu wa utaratibu, mkono wake hutangulia. Alipofika herufi ya mwisho kalamu ilisimama, lakini jina lilikuwa limekwisha.

“Hilo ni jina la kile kisa,” alisema.

“Ni jina la kaka yako, Madam.”

Nyuma yangu mtu alikohoa kuniharakisha. Niliona shingo yake ikibadilika rangi, polepole, tokea chini kwenda juu, na nikajua kwamba alikuwa anasoma upya daftari lote kichwani, saa kwa saa, kama nilivyofanya mimi. Aliponitazama alikuwa na macho yaleyale ya Mama Nora siku nilipotupa mkate wake.

“Nilikuuliza,” alisema kwa sauti ya chini. “Nilikaa jikoni nikakuuliza.”

“Uliniuliza,” nikasema. “Nilikujibu hapana. Na yeye alikuomba mara nne, mezani. Nimeziandika.”

Akakifunga kitabu, akanisukumia, akapokea cha mtu wa nyuma yangu, na nilipokuwa nakwenda mlangoni nilimsikia akimuuliza huyo jina lake, mara mbili, kama asiyesikia vizuri.

Nyumbani nilikifungua. Alikuwa amekifunga kabla wino haujakauka, na jina limejichapa upande wa pili, kinyumenyume, lakini linasomeka. Nimeulizia nauli za kwenda kule, nimeulizia na viza. Kwa mtu wa pasipoti yangu ni safari ndefu ya makaratasi, na hata nikifika, mawe yameshaokotwa. Basi kitabu nimekiweka juu ya kabati, ndani ya ule mkoba wa ngozi. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilikata kipande cha khubz nikakitia humo.